Nisomee Kama Hunijui

Kabla sijamwona, nilisikia mlio. Ulitoka nyuma ya ukuta wa ofisi yetu, mwembamba, ti, ti, ti, na mimi, mgeni pale hospitalini, niliuchukulia kama kelele nyingine yoyote ya kazini, kama feni au jenereta. Kisha ukaanza kushuka. Haukuongeza kasi wala kupaa. Ulishuka tu, sauti chini ya sauti, kama mtu anayeteremka kisimani gizani akipapasa kila kidato kwa unyayo.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Kwenye korido alikuwa anapita mwanamke mnene, wa makamo, ameshika kikombe cha chai. Alisimama. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali. Halafu akaweka kikombe sakafuni katikati ya njia, akavua kandambili, akakimbia. Sikudhani mwili ule ungeweza kukimbia hivyo.

Muda ukapita. Mlio ukapanda tena, ukatulia juu. Aliporudi alinikuta nimesimama kando ya kikombe chake, nakilinda kisipigwe teke. Alikiokota, akanywa chai iliyopoa.

"Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo, mama."

"Na shikamoo umeiacha kwenu?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Ile mashine imefungwa kwenye kidole cha mgonjwa. Inaimba. Mtu akiwa na hewa ya kutosha inaimba juu, hewa ikimwishia inashuka. Siku ukiisikia imeshuka na huoni mtu anakimbia, kimbia wewe."

Mtaani walimwita Mama Usingizi. Hospitalini alikuwa mtaalamu wa usingizi, muuguzi aliyesomea kuwalaza watu ili wapasuliwe, na kuwaamsha, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Jina lake halisi nalijua, limeandikwa kwenye msalaba huko Sapiwi, mwisho wa shamba lake la pamba. Lakini alipokuwa hai hakuna aliyelitumia, na sioni kwa nini nianze mimi. Hospitali nayo siitaji. Inatosha kusema iko mkoa wa Simiyu, na kwamba msimu wa pamba magari ya mizigo hupita mbele ya geti lake yakiacha nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miba ya uzio.

Kilichomuua kilikuwa shingoni mwake tangu siku ile ya chai. Nilikiona alipoinua kikombe: uvimbe laini kwenye koo, mdogo kama yai la kanga, ukipanda na kushuka alipomeza. Ilikuwa tezi. Sikujua kwamba katika miaka iliyofuata ningekuwa nautazama ukikua, wiki kwa wiki, kama mtu anavyotazama ufa kwenye ukuta wa nyumba anayolala.

*

Nilipanga chumba cha uani kwake. Alikuwa mjane. Watoto wake wako mbali, wawili Dar es Salaam, mmoja Mwanza, na sauti zao zilifika kwa simu Jumapili baada ya ibada. Nyumbani alikuwa mtu wa amri ndogondogo. Sufuria halifunikwi kwa sahani. Mgeni haulizwi kama amekula, anawekewa. Na salamu haikatizwi, hata nyumba ikiwa inaungua.

Hili la mwisho nilidhani ni maneno tu. Siku moja mchana aliingia mbio msichana mmoja, muuguzi kijana wa chumba cha upasuaji, jina lake Minza, mtoto wa huko huko Usukumani, mrefu, mwenye aibu, aliyemwita mayu, yaani mama.

"Mayu! Daktari ana..."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mayu."

"Basi rudi getini, uingie kama mtu."

Minza alirudi getini. Akaja akitembea. Akapiga goti. "Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu. Watoto hawajambo? Ng'ombe wa nyumbani?"

"Wazima, mayu."

"Haya, sema sasa."

"Daktari anakuita, kuna mama wa kupasuliwa, mtoto amechoka tumboni."

Mama Usingizi alikuwa tayari amesimama. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasalimia, mayu."

Walitoka wote wawili wakikimbia, mmoja ameshika kandambili, mwingine amefunga mdomo. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na habari ile ikawa kichekesho cha jikoni kwa mwezi mzima. Mimi pia nilicheka. Sasa nikiikumbuka sicheki. Naona jambo lilikwishajitokeza pale, likatupungia mkono, likaenda kutungojea mbele.

*

Alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Alijua kipimo cha kila dawa kwa kila uzito, na hakupima uzito. Alimtazama mgonjwa akishuka kwenye baiskeli au kwenye mkokoteni, akataja. Alimkumbuka mtu aliyemlaza miaka mingi nyuma kwa meno yake. "Wewe una jino la mbele linalocheza," alimwambia mzee mmoja sokoni Bariadi, mbele ya watu, na mzee akaziba mdomo kwa kofia.

Ndiyo maana vishikwambi vilipoletwa, yeye ndiye aliyevikataa kwa sauti kubwa zaidi. Vilikuja na programu ya dharura za chumba cha upasuaji. Mgonjwa akibadilika ghafla, unagusa tatizo lake, hatua zinajipanga kwenye kioo moja baada ya nyingine, na mtu mmoja anazisoma kwa sauti wakati wengine wanatenda. Kazi yangu ilikuwa kuiweka, kuhakikisha inafanya kazi bila mtandao, na kusaidia kuiandika kwa Kiswahili.

"Nimelaza watu tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu," aliniambia. "Leo nisome kwenye simu kama mtu anayetafuta njia?"

Daktari alikuwa kijana kutoka Tanga, mpole, aliyependa kubishana naye kwa sababu alipenda kushindwa naye. "Mama, hata rubani husoma orodha kabla hajarusha ndege."

"Rubani hajalelewa na babu yangu. Sisi tuliulizwa majina ya ng'ombe wote zizini, na mama zao. Ukikosea huli."

"Lakini hofu, mama. Hofu inafuta."

"Inakufuta wewe."

Mwisho alikubali, kwa sharti kwamba yeye hatakigusa. Minza ndiye angesoma. Tulikaa na Mama Usingizi ofisini kwangu jioni baada ya jioni, tukiandika. Mimi niliandika kwa adabu niliyofunzwa nyumbani: tafadhali hakikisha hiki, naomba uangalie kile. Alisoma, akatikisa kichwa, akasema ni Kiswahili kizuri. Uvimbe wakati huo ulikuwa umefikia ngumi ya mtoto. Alikuwa ameanza kuuficha kwa kitenge, akikizungusha shingoni kama mtu mwenye mafua, katika joto lile la Simiyu ambalo hata mbuzi hulitafutia kivuli.

*

Mwanamume mmoja aliletwa kutoka upande wa Mwandoya, mkulima na mfugaji, ngiri imemkaba. Haya niliyasikia kwa Mama Usingizi na kwa Minza, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao hayakupingana.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Katikati ya upasuaji umeme ukakatika. Mashine ya kutengeneza oksijeni ikanyamaza, jenereta likachelewa. Mama Usingizi alifanya alichowahi kufanya mara nyingi: akachomoa mpira kwenye mashine, akauchomeka kwenye mtungi. Ile mashine ya kidoleni, yenye betri yake, iliendelea kuimba. Kisha ikaanza kushuka.

"Minza, soma!" Daktari alisema.

Minza akashika kishikwambi, akagusa palipoandikwa Oksijeni Inashuka. Hatua ya kwanza: ita msaada. Akaisoma. Hatua iliyofuata ilisema: tafadhali hakikisha mtungi wa oksijeni umefunguliwa.

Macho ya Minza yaliyaona maneno yale. Mdomo wake ukakataa. Angemwambiaje mayu, mtu aliyemfundisha mtungi ni nini, ahakikishe kama ameufungua? Ni kumuuliza mama yako mzazi kama anajua kuweka maji kabla ya unga. Akaruka. Akasoma hatua iliyofuata, na iliyofuata, kwa sauti ya chini, ya kuomba radhi. Angalia mpira wa kooni. Sikiliza mapafu. Andaa dawa. Wakatenda yote, kwa ustadi, kwa mpangilio, na kila walichofanya kilikuwa sahihi, na mlio ukaendelea kuteremka, mpaka Mama Usingizi alipogeuka kwa bahati tu, akauona mshale wa mtungi umelala.

Ulikuwa umefungwa.

Akaufungua. Mlio ukapanda, lakini ulikuwa umekaa chini muda mrefu mno.

Yule bwana hakufa. Aliamka, akala uji, akaondoka kwa miguu yake huku ameshikwa mkono. Baada ya muda kijana wake mkubwa alirudi kueleza hali yake. Nilikuwepo kwenye korido.

"Anakula?" Mama Usingizi aliuliza.

"Anakula."

"Anaongea?"

"Anaongea, mayu. Ila tulimpeleka zizini. Akasimama hapo akawaangalia ng'ombe, kisha akauliza ni wa nani."

Mama Usingizi alishika ukuta. Watu wa huku hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Kwenye kikao alisema mtungi ulikuwa umefungwa na aliyepaswa kuufungua ni yeye. Kwa familia alisema hivyo hivyo, kwa Kisukuma, amepiga magoti mbele ya kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho. Jina la Minza hakulitaja popote. Lakini jioni ile alimwita nyumbani. Mimi nilikuwa nachota maji uani, na hawakunifukuza.

"Uliuona ule mstari?"

"Niliuona, mayu."

"Mbona hukuusoma?"

Minza aliinamisha uso.

"Sema, mwanangu."

"Niliona utasema nakudharau."

"Ningesema hivyo?"

"Ungesema."

Mama Usingizi alitazama kuku wakipanda kwenye mti wao wa kulala, mmoja mmoja. "Ndiyo," alisema. "Ningesema."

*

Kesho yake alikuja ofisini kwangu bila kuketi. "Toa tafadhali zote."

"Zote, mama?"

"Zote. Na naomba zote. Andika kama polisi. Fungua. Angalia. Acha. Piga simu. Mtu anayekufa hana muda wa adabu zetu."

Tangu siku ile kulikuwa na Mama Usingizi wawili, na mpaka kati yao ulikuwa mstari mwekundu uliopakwa sakafuni mbele ya chumba cha upasuaji, ule ambao mtu haruhusiwi kuuvuka na viatu vya nje. Ndani ya mstari aliwataka vijana wamwagize. Alikunja godoro, akaliita mgonjwa, na alasiri zisizo na kazi akawafanyisha mazoezi. Alikosea makusudi. Alishika dawa isiyo yake. Aliacha mtungi umefungwa. Minza akisoma kwa sauti laini alimkata: "Nani huyo anabembeleza? Nisomee kama hunijui. Mimi ni mwanamke umemkuta njiani, sijui kitu, nimevaa nguo za kijani kwa wizi."

"Fungua mtungi," Minza alisema.

"Sijasikia."

"Fungua mtungi!"

"Nimefungua. Endelea, usinishukuru."

Waliucheka mchezo ule, lakini ulifanya kazi. Niliona kwa macho yangu, siku nilipoingia kubadilisha chaja, mama mmoja mjamzito akibadilika rangi mezani, na Minza akisoma mfululizo, mkavu, bila kuruka, na mkono mnene wa Mama Usingizi ukitii kila neno kama mkono wa mwanafunzi. Wakati ule sikumwogopa Minza. Nilimwogopa aliyekuwa anatii. Kuna kitu cha kutisha katika kuona mtu mkubwa akijifanya mdogo kiasi kile.

Nje ya mstari, hata kwa hatua moja, mambo yalirudi yalivyokuwa. Minza alitoka siku hiyo hiyo, bado amechangamka, akasema, "Mama, nipe funguo za kabati."

"Umeniagiza?"

"Samahani, mayu."

"Piga goti kwanza."

Nilimuuliza kwa nini asiuache utaratibu mmoja kila mahali. Alinitazama kama nimesema jambo la kitoto. "Nikiiondoa heshima huku nje, nitakuwa nimelea wahuni wanaojua kusoma. Ndani nitavumilia. Nje sitavumilia. Mtu anaweza kuwa na nyumba mbili."

Sikubishana. Nilijua jambo moja tu kuhusu nyumba mbili: ukiugua, unaweza kuwa umelala ile isiyo na dawa.

*

Hakuwahi kumwambia mgonjwa alale. Huku kwetu tukisema fulani amelala, watu huvua kofia, na yeye hakupenda kulitupa neno hilo juu ya mtu aliye mezani. Alisimama kichwani mwa mgonjwa, akashika mashavu yake kwa viganja viwili, akasema, "Niko hapa juu. Ukinitafuta, tazama juu." Halafu akamwomba amtajie ng'ombe wake, rangi kwa rangi. Asiye na ng'ombe alitaja watoto, asiye na watoto alitaja njia ya kutoka kwao hadi hospitali. Walikuja kutoka Mkula, kutoka Meatu, kutoka vijiji ambavyo barabara huvipata kiangazi tu, na sauti zao zilizimika katikati ya ng'ombe, katikati ya daraja, huku yeye akiitikia, "Ee, halafu?" mpaka pasiwe na wa kuitikiwa.

Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kulazwa. Jino lake la nyuma aling'olewa bila sindano, ameshika miguu ya kiti. Nilimtania kwamba ni kama mpishi asiyekula chakula chake.

"Umewahi kumtazama mtu akiwa amelazwa?" aliuliza. "Namaanisha kumtazama. Mdomo wazi, macho yamebandikwa plasta, mwingine anampumulia. Mimi nimewatazama miaka yote hii. Najua jinsi mtu anavyokuwa mwepesi. Sitaki kuwa mwepesi hivyo mikononi mwa mtu."

"Hata mikononi mwa mtu kama wewe?"

"Hasa," alisema, akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi chenye mluzi ndani yake.

Mluzi ule haukuondoka. Uvimbe ulikuwa umeacha kuota nje tu. Ulikuwa unajipenyeza ndani, ukilikandamiza koromeo. Sauti yake ikakauka. Alianza kulala ameketi kwenye kiti, mito imemzunguka, kwa sababu akilala chali hewa haipiti. Alfajiri nilipoamka niliisikia pumzi yake kupitia ukutani, ikivutwa kama maji ya mwisho kwenye mrija, na mimi nilikaa kitandani nikisubiri ya pili.

"Mama, nenda Mwanza," Daktari alimwambia.

"Pamba ikishavunwa."

Pamba ikavunwa, ikapelekwa mnadani. "Mama, Mwanza."

"Minza yuko masomoni. Nikiondoka nani atalaza watu?"

Minza alikwenda mwaka mzima kusomea usingizi, akarudi na cheti na miwani. "Mama, sasa."

"Sasa mvua. Njia mbovu."

Yeye ndiye aliyewahi kuwagombeza watu kwa kuchelewa. Yeye aliyemwambia baba mmoja, mbele yangu, "Ugonjwa haukungojei uvune." Nikamkumbusha maneno yale. Akaniuliza kama kodi ya chumba ninaiona ndogo.

*

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa Ijumaa asubuhi, siku ya mwisho ya kambi ya madaktari bingwa. Walikuwa wamekuja wiki ile kufanya upasuaji ambao sisi hatukuuweza, na mmoja wao alikuwa hodari wa matezi. Mtu wa usingizi hawakuja naye, walitegemea wetu. Jioni ya Alhamisi yule bingwa aliishika shingo ya Mama Usingizi kwa vidole vitatu, akasema, "Kesho asubuhi, mama. Mimi nikiondoka, sijui nani mwingine atafika kabla ya hiki kitu."

Akakubali. Alisema neno moja tu: "Minza."

Daktari alisita. "Una hakika? Naweza kuomba mtu kutoka Mwanza, tukaongea na..."

"Wote wataniogopa. Huyu alishaniogopa mara moja, akaona inavyogharimu."

Nilimkuta kwenye chumba kidogo cha kusubiria, upande wa nje wa mstari mwekundu. Watoto wake walikuwa njiani, mabasi hayajafika, na aliniomba nikae naye. Alivaa gauni la mgonjwa, la kijani lililofifia, limefungwa mgongoni kwa kamba. Kitenge alikuwa amekiweka magotini. Ndipo nilipoiona shingo yake wazi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na nikaangalia pembeni. Haikuwa shingo tena. Kichwa kilikuwa kimekaa juu ya kitu.

Minza alitoka ndani na kishikwambi. Kwa mazoea alipiga goti. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Inuka. Soma mpango wako. Daktari ameuona?"

"Ameuona. Yeye na bingwa wananawa mikono."

"Soma basi. Kama hunijui."

Minza alisimama wima. Sauti yake ilikuwa ile ya ndani. Akasoma kwamba mgonjwa ana tezi kubwa, koromeo limesukumwa upande, kulala chali hawezi. Akasoma kwamba atamweka ameketi, atatia ganzi kooni, atapitisha mpira taratibu mgonjwa akiwa macho. Mama Usingizi alitikisa kichwa kila hatua, kama fundi anayepita akigonga matofali. Minza akasoma: ikishindikana, nitabadilisha kifaa. Ikishindikana tena, nitaacha, sitang'ang'ania. Akavuta pumzi kuanza hatua iliyofuata.

"Hiyo ruka," alisema Mama Usingizi.

"Mayu?"

"Naijua. Tuliiandika pamoja, mimi na huyu wa kompyuta. Ruka."

Nilikumbuka jioni tuliyoiandika. Nilikumbuka alivyonielekeza kwa kidole kwenye koo langu mwenyewe, mahali pa kukata.

Minza alinitazama. Kisha akatazama kioo. "Nikishindwa kumpa hewa kwa mdomo," alisoma, "nikishindwa kwa pua, napasua shingo mbele, hapo hapo, simwiti mtu, singoji ruhusa. Kwa mgonjwa huyu, tezi imefunika mahali pa kupasulia. Huenda nisipaone." Akainua uso. "Nimemaliza."

Ndani ya chumba cha upasuaji maji yalikuwa yanamwagika kwenye sinki, yakanyamaza. Mama Usingizi alipandisha mkono wake, akaugusa ule uvimbe, kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa kitu cha jirani. Midomo yake ilikuwa imekauka. Ilinichukua muda kutambua nilichokuwa nakiona, kwa sababu sikuwa nimekiona usoni pale kabla.

Akachukua kitenge magotini, akaanza kukizungusha shingoni.

"Unasikia baridi, mayu?"

"Nitarudi Jumatatu."

"Jumatatu bingwa hayupo. Wanaondoka leo mchana."

"Basi nitakwenda Mwanza."

"Lini, mayu?"

"Unanihoji, mwanangu?"

Minza alifungua mdomo. Naapa niliiona amri ikifika kwenye meno yake. Kaa chini. Maneno mawili, na hatua chache nyuma yake, ng'ambo ya rangi ile sakafuni, angeyatamka kwa mwanamke huyu huyu bila kupepesa jicho, na yangetiiwa. Aligeuka akautazama mstari. Akamtazama mwalimu wake. Magoti yake yakajikunja yenyewe, na kishikwambi kikagonga sakafu.

"Nakuomba, mayu," alisema. "Nakuomba."

Mama Usingizi aliweka kiganja juu ya kichwa chake, kama wanavyobarikiwa mabinti siku ya kuagwa. "Umesoma vizuri," alisema, na mluzi ukapita kati ya maneno. "Wabeja, asante, mwanangu. Hukuruka."

"Mama, ngoja nimwite Daktari," nilisema.

"Mwite," alijibu, akiwa tayari anatafuta kandambili kwa miguu. Nilikimbilia upande wa sinki, nikaita. Nilipogeuka alikuwa anatembea kuelekea koridoni, wima, bila haraka, gauni la kijani limeachana mgongoni na kitenge kikining'inia juu yake. Wauguzi wawili waliokuwa wanaingia walimpisha, wakainamisha vichwa, wakamwamkia. Akaitikia wote wawili, kwa majina yao, akawauliza habari za nyumbani.

Mlango ule una springi kali. Aliushika kwa kiganja nyuma yake, usije ukapiga kelele karibu na chumba cha wagonjwa, akausindikiza polepole mpaka ukafunga.